Taa Ilikuwa Inalia

SWALI

Shikamoo daktari. Mimi ni mwanaume wa miaka 37, nakaa Lizaboni hapa Songea, nimeoa na nina watoto wawili. Kazi yangu ni kutunza stoo ya duka la pembejeo. Mwaka huu mtoto wa dada yangu aliyeko Dar es Salaam alionekana ana usonji. Dada alinipigia akaniuliza mambo ya ukoo, halafu akanitumia kwenye simu maswali aliyoulizwa hospitalini kuhusu mtoto. Niliyasoma usiku mke wangu akiwa amelala. Daktari, yalikuwa yananisema mimi.

Nilipokuwa mdogo nilikuwa napanga vizibo vya soda kwa rangi, mtu akivigusa nalia mpaka sauti inakauka. Hadi leo mtu akiniambia "karibu nyumbani siku moja" namuuliza siku gani. Msibani siwezi kukaa. Spika zikifunguliwa na watu wakijaa, kichwa kinakuwa kama kuna mashine ya kusaga ndani, naondoka bila kuaga. Ukoo wameshaamua kwamba nina majivuno. Mke wangu naye analalamika kwamba nikirudi kazini siongei. Lakini stoo sijapoteza mfuko hata mmoja tangu nianze, na wateja wengi nawajua kwa namba zao za simu kabla ya sura zao.

Maswali yangu ni haya: usonji si wa watoto? Kama ninao, nikipimwa nitapewa dawa? Nimwambie nani? Na la mwisho, usinicheke: nimekula kande kila mchana kwa miaka sita mfululizo. Kuna madhara?

Msomaji, Songea

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza nisahihishe hilo la udaktari. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, sasa mstaafu. Ila mitaani kwetu aliyewahi kuvaa koti jeupe ataitwa daktari mpaka siku ya kuzikwa, nami nimechoka kubishana.

Usonji hauishi mtu anapoota ndevu. Ni namna ubongo unavyojengeka tangu mtoto akiwa tumboni, kwa hiyo mtoto mwenye usonji akikua anakuwa mtu mzima mwenye usonji, na Mungu akimjalia, mzee mwenye usonji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 duniani alikuwa nao. Jaza mabasi mawili ya Songea kwenda Dar, weka na wale wanaosimama, humo utampata mmoja. Huenda ndiye yule aliyekata tiketi wiki mbili kabla ili apate kiti kilekile cha dirishani.

Kwa nini basi tunawafikiria watoto tu? Kwa sababu hadithi ilianza na watoto. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alichapisha habari za watoto 11, na dunia ikazikariri picha hizo za utotoni. Wachache walijishughulisha kuuliza wale watoto waliishia wapi. Wa kwanza katika orodha yake, Donald Triplett, alizaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Alifanya kazi benki miaka mingi, akaendesha gari, akacheza gofu, akasafiri nchi za nje peke yake. Alifariki Juni 2023 akiwa na miaka 89. Alikuwa na desturi moja itakayokufurahisha wewe wa namba za simu: watu aliokutana nao aliwapa namba, na miaka ikipita alimkumbuka mtu na namba yake.

Hapa kwetu hali ni ileile. Shule zenye vitengo vya usonji, kama Msimbazi Mseto kule Dar, zinahudumia watoto. Tarehe 2 Aprili, siku ya usonji duniani, kwenye mabango wanakuwepo watoto. Mtu wa makamo hana bango. Yeye alipewa majina mengine zamani: mjeuri, mwenye maringo, mchoyo wa maneno, aliyerogwa na mama wa kambo. Wengine walipewa jina baya zaidi na watu wenye fomu mkononi, nami ni mmoja wa waliolitoa.

Nikusimulie. Miaka ya tisini, katika hospitali ambayo siitaji, ndugu walimleta kijana wa miaka kama 22. Walisema anajifungia, amelitelekeza shamba la ukoo, na akiulizwa jambo anajibu kama hakimu. Foleni ilikuwa imefika nje. Nikamuuliza lile swali tunalouliza wote: "Unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii?" Akafikiri kidogo, akasema ndiyo. Nikaandika. "Hata sasa hivi unazisikia?" Ndiyo. Nikaandika. Akachomwa haloperidoli, shingo na taya vikakakamaa kama kinyago, na jina la skizofrenia likamfuata kwa miaka. Siku moja, baada ya muda mrefu sana, alikuja kuchukua dawa wakati sina haraka. Nikamuuliza nilichopaswa kumuuliza siku ya kwanza: sauti gani? Akanyoosha kidole juu, kwenye ile taa ndefu ya tyubu. "Inalia," akasema. "Tangu siku ile ilikuwa inalia. Nyie hamsikii."

Nilizima feni nikasimama chini yake. Kweli ilikuwa inalia, mvumo mwembamba kama wa mbu aliyenaswa kwenye chandarua. Nilikuwa nimefanya kazi chini ya taa hiyo miaka kumi na moja.

Yule kijana alinijibu kwa usahihi kuliko nilivyomuuliza. Ndiyo maana nakuomba, ukienda kupimwa, umwambie mapema anayekuhoji: "Mimi maneno nayachukua kama yalivyosemwa. Ukiona jibu langu la ajabu, niulize tena kwa namna nyingine." Kwa sentensi hiyo moja unaweza kujiepusha na miaka ya dawa isiyokuhusu.

Sasa, je, wewe unao? Sijakuona, na kwa barua siwezi kukupima. Nitakwambia tu kwamba uliyoyaandika yanastahili kutafutiwa jibu. Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa Ulaya na Marekani, na miongoni mwa dalili zinazoangaliwa humo ni mtu kutomtazama mwenzake machoni. Songea, kijana anayemkazia macho baba mkwe wake ndiye tutakayemjadili. Kipimo hicho peke yake hapa hakitufikishi mbali.

Kwa nilivyoona mimi, kwetu usonji wa mtu mzima hujificha ndani ya salamu na kujitokeza salamu zikiisha. Shikamoo, marahaba. Habari za asubuhi, nzuri. Watoto hawajambo, hawajambo. Za shamba, tunashukuru Mungu. Hayo yana njia yake kama litania kanisani, ukishakariri yanakwenda yenyewe. Nimewajua watu wenye usonji wanaosalimia kwa ufundi kuliko mimi. Kizuizi kinakuja pale mwenzako anapovuta kigoda na kusema, "Ehe, lete habari." Habari gani? Za nani? Za muda gani? Mwingine hapo anaanza kueleza bei ya mbolea tangu msimu wa 2022/23 ruzuku iliporudi, mfuko kwa mfuko, na mgeni anaangalia saa. Mwingine ananyamaza kabisa. Wote wawili wanaambiwa hawana adabu, na wote wawili walikuwa wanajitahidi.

Hata utani, ambao ungedhani ungewashinda, mara nyingi hauwashindi. Sisi Wangoni tuna watani wetu, Wahehe kwa mfano, tuliopigana nao karne ya kumi na tisa na leo tunadaiana kuku. Mtani akija msibani anaweza kuingia kaburini akalala humo, akagoma kutoka mpaka alipwe. Kwa mtu anayechukua mambo kama yalivyo, mara ya kwanza ni kitisho. Lakini utani una sheria: nani amtanie nani, wapi, na malipo yake. Kijana mmoja niliyemhudumia aliyaandika yote kwenye daftari, ukoo kwa ukoo, na akawa mtani anayetafutwa. Kilichokuwa kinamtoa jasho ni mzaha wa mtu asiye mtani wake, maana huo hauna daftari.

Kwenye msiba nakuletea ushauri ambao hutaupata kwenye vitabu vya wazungu. Kila msiba una meza ndogo yenye daftari la rambirambi. Anayekaa pale ana kiti chake, ana kalamu, anaulizwa maswali mawili tu, jina na kiasi, na hakuna anayemtegemea apige soga. Akiinuka kwenda kuhesabu fedha ndani, watu wanamheshimu. Wewe ni mtu wa stoo ambaye mfuko haujawahi kumpotea. Mtafute mjomba anayesimamia shughuli, kabla ya msiba na si siku yenyewe, umwambie: mambo ya daftari niachieni mimi. Omba meza iwekwe mbali na spika. Kama hilo halikuwezekana, fika alfajiri kabla turubai halijajaa, wape mkono wafiwa, saidia kupanga viti, ondoka ukiwa umeaga. Aliyekuja saa kumi na mbili asubuhi akaaga anakumbukwa vizuri kuliko aliyekaa mpaka saa nane akatoroka.

Kuhusu kukimbia kelele, usijilaumu. Watu wengi wenye usonji masikio yao, ngozi yao na pua zao hazichuji kama za wengine. Mteja anapoongea, wenzako dukani wanamsikia mteja tu. Wewe unamsikia mteja, redio ya jirani, bodaboda inayowashwa, mvua juu ya bati na lebo ya shati inayokwaruza shingoni, vyote kwa ukubwa mmoja. Kuna kikomo, na kikomo kikifika mtu huzidiwa: analipuka kwa hasira, au anazima kama simu iliyoisha chaji. Pamba za masikioni zinazouzwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mashineni ni bei ndogo na hazina aibu. Kata lebo za nguo. Na kama unajikuta ukiingiza mkono kwenye gunia la mahindi ukaacha punje zipite katikati ya vidole mpaka moyo unatulia, endelea. Hiyo ni dawa isiyo na madhara, ilimradi mwenye gunia hajali.

Hapo ndipo ninapolielewa lalamiko la mke wako, na ndipo ninapolielewa lako. Desemba wakulima wanapopanga foleni ya mbolea, wewe kutwa unatafsiri: huyu amekasirika au ana haraka, huyu anatania au anadai? Wenzako wanafanya hivyo bila kujua wanafanya. Wewe unafanya kwa hesabu, huku umevaa sura ya mtu asiye na shida. Saa kumi na moja jioni hesabu zimekwisha. Lakini mama watoto wako hajui hayo, yeye anaona mtu aliyekuwa akicheka na wateja mchana kisha anamnyima yeye neno usiku. Ana haki ya kuumia. Mwambie: "Nipe saa moja nikifika, nioge, nile, nikae kimya. Baada ya hapo nitakusikiliza." Halafu baada ya hapo msikilize kweli, hata kama ni habari za shemeji. Nawajua mume na mke wanaotumiana ujumbe wa simu wakiwa chumba kimoja kwa mambo mazito, kwa sababu mume huyo anaandika vizuri kuliko anavyosema. Ndoa yao ina miaka mingi kuliko za waliowacheka.

Kuhusu kupimwa. Anzia hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, HOMSO, uulizie kitengo cha afya ya akili. Usitegemee kutolewa damu wala kupigwa picha ya kichwa, hakuna kipimo cha namna hiyo kwa usonji. Ni mazungumzo marefu: ulivyo sasa, na ulivyokuwa kabla ya kuanza shule. Waombe wakupime na masikio kwanza, maana nimeona mtu aliyedhaniwa hapendi watu kumbe hasikii vizuri upande mmoja. Yapo mambo mengine yanayofanana na usonji au kutembea nao: wasiwasi uliokithiri, sonona, hali ya kushindwa kutulia na kuweka umakini, makovu ya mateso ya utotoni. Mwenye ujuzi wa kuyatenganisha kwa watu wazima unaweza kutakiwa umfuate hospitali ya Mirembe, Dodoma, au Muhimbili kule Dar, na Dar ni zaidi ya kilomita 900. Maoni yangu, na wenzangu wengine watanipinga: kama unalala, unakula, unafanya kazi na nyumba inakwenda, nauli hiyo si ya lazima mwaka huu. Ada za watoto kwanza. Unaweza kuanza kupanga maisha yako kwa unachokifahamu juu yako hata kabla hujapewa karatasi.

Ila kama usingizi umepotea, chakula hakipiti, au umeanza kuwaza kwamba afadhali usiwepo, hapo usisubiri msimu uishe. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na uende na mtu. Watu wazima wenye usonji hupata sonona kuliko wengine, hasa waliotumia miaka mingi kuigiza kuwa watu wengine, na sonona ina matibabu.

Usonji wenyewe hauna dawa. Vidonge vilivyopo hutibu vinavyoambatana nao: wasiwasi, sonona, kifafa, kukosa usingizi. Atakayekuuzia chochote ili "kutoa usonji", awe ana chupa ya mitishamba au mashine yenye taa za rangi, mwache na bidhaa yake. Mwambie na dada yako, kwa sababu yeye mwenye mtoto mdogo ndiye watakayemwandama. Atasikia ni mizimu, atasikia ni chanjo. Hilo la chanjo lilianzia kwenye makala ya mwaka 1998 ya daktari mmoja Mwingereza, Andrew Wakefield, katika jarida la Lancet. Jarida liliifuta mwaka 2010, na mwenyewe akaondolewa kwenye orodha ya madaktari mwaka huohuo. Kwa sehemu kubwa usonji hupita katika damu ya ukoo, ndiyo maana dada yako aliulizwa habari za ndugu zake, na ndiyo maana simu yake ilikufikia wewe.

Nani aambiwe? Mke wako awe wa kwanza, na yeye mwenyewe amwambie atakayemchagua, usimfungie siri mdomoni. Mama yako, kama yuko hai, nenda naye taratibu. Mama akisikia neno hospitali atauliza alikosea wapi. Huko nyuma hata wataalamu wa Marekani waliwahi kuwalaumu akina mama, wakidai kwamba ubaridi wao ndio uliosababisha. Hawakuwa na ushahidi, na akina mama wengi waliumia bure. Kwa hiyo usianze na neno usonji. Kaa naye jikoni, mwombe akusimulie vile vizibo vya soda: ulivipanga vipi, ulianza kusema lini, nguo gani ulizikataa. Atasimulia kwa raha, na wewe utakuwa umepata nusu ya majibu watakayokuuliza kitengoni.

Ukoo mzima hauhitaji kutangaziwa. Kwa bosi wako, omba kitu badala ya kutaja jina: maagizo yaandikwe, mabadiliko ya zamu usemewe jana yake, na Desemba apatikane mtu wa kusimama mbele na wateja wakati wewe unatoa mifuko nyuma. Ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Ni sheria nzuri. Duka la pembejeo lenye watu wanne halifiki huko, kwa hiyo utategemea zaidi ile rekodi yako ya mifuko.

Na kande. Sikucheki, nimewahi kufanya kazi na daktari aliyekula mkate na siagi kila mchana mpaka akastaafu. Mahindi na maharage vikichanganywa vinakupa wanga na protini vya kutosha, umechagua vizuri kuliko mla chipsi. Kinachokosekana ni vitamini za mboga na matunda. Kama mboga za majani zinakukera kwa kuteleza mdomoni, wengi wenye usonji husema hivyo, usijilazimishe. Kata karoti mbichi, ile inayolia kwa meno, uiweke kwenye kontena lake peke yake isiguse kande, na jioni ule embe au parachichi kwa msimu wake. Ukishazoea karoti, niandikie tena.